Bitiruti ya Konde na baridi isiyofika Pemba

Msomaji wa Konde, Pemba, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mzee. Nalima mboga huku Konde, kwenye robo tatu ya eka. Kipupwe cha mwaka jana nilipanda bitiruti nyekundu ya saladi, ikanikubali. Mambo mawili yalinishangaza. Kila punje niliyofukia ilitoa miche miwili, mitatu. Tena mimea sita niliyoiacha ili nipate mbegu imekaa miezi kumi na moja, majani yanatoka na kukauka, ua sijaliona. Sasa mwanangu anayesoma kaniambia kuwa Ulaya wanatengeneza sukari kwa ndugu yake bitiruti. Nikipata mbegu ya hiyo ya sukari, naweza kuipanda Pemba, nikachagua mwenyewe mwaka hadi mwaka, mpaka nikapata ya kwetu?"

Marahaba, mwanangu. Nimestaafu kazi ya kilimo na barua nyingi ninazopata ni za wadudu na mbolea. Yako nimeisoma mara tatu. Hayo mawili uliyoyaona, miche mitatu kutoka punje moja na mmea usiotaka kutoa ua, yamewashughulisha watu wenye maabara na mashamba makubwa kwa zaidi ya miaka mia mbili. Wewe umeyaona kwa jembe na macho yako.

Jibu la mkato nakupa kwanza usije ukanunua mbegu kabla hujamaliza kusoma. Kiazi sukari usikipande Pemba kwa kutafuta sukari, na kukichagua mwaka hadi mwaka huko hutaweza. Ila kazi ile ile waliyoifanya wenzetu mpaka mzizi ukajaa sukari, wewe unaweza kuifanya kwa mimea mingine iliyopo shambani kwako. Nitafika huko.

Tukubaliane jina. Nasema kiazi sukari, na sisemi kiazi kitamu cha kuchemsha na nazi. Hiki ni bitiruti khasa, aina moja na ile ya saladi, ambayo wataalamu huiita Beta vulgaris, na mchicha wetu ni wa ukoo huo huo. Tofauti ni kwamba kiazi sukari ni cheupe, kizito, mara nyingi kilo moja hivi au zaidi, kina mkia mrefu unaozama ardhini. Kiasi cha sehemu moja kwa tano ya sukari ya dunia hutoka humo. Inayobaki hutoka kwenye miwa.

Mwaka 1747 mkemia mmoja wa Berlin, Andreas Marggraf, alikausha mizizi ya bitiruti, akaichemsha katika pombe kali, akapata fuwele. Alipozitazama kwa hadubini akaona ni zile zile za sukari ya miwa. Mwanafunzi wake, Franz Karl Achard, akaanza kupanda aina mbalimbali, akazichuja, na mwaka 1801 akajenga kiwanda cha kwanza huko Cunern, sehemu ambayo leo imo Poland. Mizizi aliyokuwa nayo ilikuwa na sukari ya asilimia 6 hivi. Kisha ikaja vita. Manowari za Waingereza ziliifungia Ufaransa bahari, sukari ya visiwa vya mbali ikakatika, na mwaka 1811 Napoleon akaamuru maelfu ya hekta yapandwe viazi sukari. Vita viliisha, mmea ukabaki.

Leo mzizi wa kawaida una asilimia 16 hadi 18, na mwaka mzuri huzidi. Kutoka 6 hadi 18 ni kazi ya watu. Mvua ya Ulaya haikubadilika, wala udongo. Kilichobadilika ni nani aliruhusiwa kuzaa.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu itakayokufaa.

Kiazi sukari kina umri wa miaka miwili. Mwaka wa kwanza kinaota majani na kujaza mzizi. Baridi inapita juu yake. Mwaka wa pili kinarusha shina refu, kinatoa maua, kinazaa mbegu, kinakufa. Ile sukari yote ya mzizini ni akiba ya kulipia lile shina na yale maua, na sisi tunaivamia akiba kabla mwenyewe hajaitumia. Kwa hiyo mimea yako sita haina kasoro. Inangoja amri. Mmea huu unahitaji wiki nyingi za baridi ya nyuzi kama 4 hadi 10, nane au kumi au zaidi, na baada ya hapo unahitaji michana mirefu. Pemba usiku wa baridi kuliko wote wa kipupwe hauko mbali na nyuzi 20, na mchana mrefu kuliko yote haufiki saa kumi na mbili na nusu. Ungeiacha mpaka ife kwa uzee, ua usingeliona.

Mtu anaweza kusema: basi tutafute inayotoa maua bila baridi. Ipo. Baadhi ya bitiruti mwitu za pwani za Mediterania zina jeni, yaani chembe ya urithi, moja tu inayozifanya zichanue mwaka ule ule zilipoota. Wakulima wa Ulaya wanaiogopa kuliko magugu. Mmea ukichanua mapema, sukari inapanda kwenye shina, mzizi unabaki kama kamba, na shina gumu linasumbua mashine za kuvunia. Wachaguzi wa mbegu wamehangaika miaka mingi kuufundisha mmea huu usichanue hata baridi ya mwezi wa tatu ikiugusa shambani. Ule ukaidi uliokukera, mwanangu, ndio unaoibakiza sukari mzizini.

Lakini umri huo wa miaka miwili una faida kubwa kwa mchaguzi. Mama unaweza kumpima kabla hajazaa. Unachimba mzizi, unatoboa kijishimo, unachukua kipande kidogo, unapima utamu wake, kisha mzizi wenyewe unauhifadhi kwenye baridi na kuupanda tena upate mbegu. Kwa mahindi huwezi kufanya hivyo: ukishajua kuwa gunzi ni zuri, tayari limeshachavushwa na poleni, yaani chavua, ya kila mtu.

Aliyeitumia faida hiyo kwa akili kuliko wote ni Louis de Vilmorin, wa familia ya wauza mbegu Ufaransa, katika miaka ya 1850. Alianza na njia ambayo hata wewe unaweza kuifanya kwa ndoo. Alitumbukiza mizizi kwenye maji ya chumvi. Wenye sukari nyingi ni mzito, unazama. Usio na kitu unaelea. Baadaye alipima uzito wa maji ya mzizi wenyewe kwa kuchovya ndani yake kipande cha madini ya fedha. Hata hivyo jambo lake kubwa lilikuwa jingine. Mbegu za kila mama alizipanda peke yake, kwenye mstari wake, bila kuzichanganya, kisha akawapima watoto. Akaona kuwa mizizi miwili yenye utamu sawa inaweza kuzaa vizazi visivyofanana hata kidogo: huyu watoto wake wote watamu, yule watoto wake wametawanyika. Kumbe mzizi wa pili ulikuwa mtamu kwa sababu uliota mahali pazuri. Tangu hapo akawahukumu mama kwa watoto wao. Ilikuwa miaka kumi kabla Mendel, baba wa elimu ya urithi, hajachapisha majaribio yake ya njegere, na elimu ya jeni haikuwa na jina.

Sasa miche yako mitatu. Ile uliyoiona kama punje moja si punje moja. Maua ya bitiruti hukaa kwa makundi, na matunda yake hukua yakashikana yakawa kitonge kimoja kigumu chenye mbegu mbili, tatu, hata nne. Kwa bustani yako hilo ni usumbufu mdogo. Kwa mkulima wa viazi sukari mwenye ekari mia lilikuwa janga, kwa sababu lazima abaki mmoja tu. Miaka mia na zaidi, vibarua, wengi wao wanawake na watoto, walitambaa mashambani Ulaya na Marekani wakipunguza miche kwa mikono na jembe fupi. Mashine haiwezi kuchagua mche mmoja kati ya mitatu iliyokumbatiana.

Mwaka 1948, Oregon, Marekani, mtafiti Viacheslav Savitsky, aliyekuwa amehama kutoka Umoja wa Kisovieti mwaka mmoja kabla, alipita shamba zima la mbegu akitafuta mmea wenye matunda yaliyokaa moja moja. Akapata mitano. Kutokana na hiyo mitano ikatoka mbegu ya mche mmoja iliyoenea dunia nzima, na kutambaa shambani kukaisha. Mimi kila nikiisoma habari hii namfikiria yule mtu akitembea juani, mmea baada ya mmea, anatazama jambo dogo ambalo wengine wote walilipita.

Mwingine ni F. V. Owen wa Salt Lake City, Marekani, aliyechapisha mwaka 1945 habari za mimea ya kiazi sukari isiyotoa poleni hai. Mmea wa namna hiyo hauwezi kuwa baba. Ni mama tu. Ukiupanda kando ya baba unayemtaka, kila mbegu inayotoka ni chotara, na umejua wazazi wake wote wawili. Karibu kila mbegu ya kiazi sukari inayouzwa leo imepitia humo. Maana yake kwako ni hii: hata kama pakiti ingefika Konde na hata kama mmea ungechanua, watoto wa chotara wasingefanana na mzazi wao. Na hata bitiruti ya kawaida, mmea mmoja peke yake mara nyingi haujizalishi. Unataka poleni ya jirani, na poleni hiyo inabebwa na upepo mbali sana.

Kuna gharama waliyoilipa kwa uchaguzi huo mkali. Mimea yote ikawa ndugu wa karibu mno, na ndugu wa karibu huugua pamoja. Katika miaka ya 1950 Italia ikapata ugonjwa wa virusi unaoletwa na kijidudu cha udongoni. Mzizi mkuu unadumaa na kuota vijizizi vingi kama ndevu, sukari inapotea, na udongo ukishaambukizwa unabaki hivyo miaka mingi. Dawa ya kupiga hakuna. Kilichookoa zao ni jeni la ukinzani lililogunduliwa Marekani miaka ya 1980, kisha jingine lililotoka kwa bitiruti mwitu ya ufukweni Denmark. Hiyo mwitu ni mmea mdogo wa majani mazito, unaota penye changarawe mawimbi yakiurushia chumvi, mzizi wake hauna maana kwa mkulima. Mtaliano Ottavio Munerati alishaanza kuichanganya na kiazi sukari mwanzoni mwa karne ya 20, akitafuta ukinzani wa madoa ya majani. Ndiyo maana nawaambia vijana wa kilimo: zile mbegu za zamani za wazee wenu msizitupe kwa sababu zinazaa kidogo.

Turudi Pemba. Mtu anaweza kuuliza kama kiazi sukari kingeota tu, hata bila mbegu. Kingeota. Misri wanakipanda majira ya baridi yao, wanavuna joto likianza, na siku hizi sukari yao ya kiazi imeipita ya miwa. Lakini mbegu wananunua nje, kwa sababu baridi ya Misri haitoshi kuuchanuza mmea. Mbegu inazalishwa kwenye nchi zenye baridi ya kadiri, kama kusini mwa Ufaransa, kaskazini mwa Italia na Oregon. India nao walijaribu aina za nchi za joto katika miaka ya 2000. Sisi hatuna hata ule msimu wa baridi wa Misri. Usiku wetu ni wa joto, na usiku wa joto mmea unaichoma kwa kupumua sehemu ya sukari iliyotengenezwa mchana. Unyevu wa masika nao huleta madoa ya majani na kuvu linaloozesha mzizi. Udongo mwingi mwekundu wa Pemba una uchachu, na mmea huu hauupendi. Chumvi unaivumilia, hilo ni kweli, isipokuwa wakati wa kuchipua.

Tuseme yote hayo yamekwisha. Bado kuna kiwanda. Miwa unaikamua, unaichemsha kwenye karai, unapata sukari guru, na watu wanaipenda. Maji ya kiazi sukari ukiyachemsha hivyo hivyo unapata uji mweusi wenye harufu ya udongo na uchungu. Lazima mzizi ukatwe vipande vyembamba, uloweshwe kwenye maji ya moto wa nyuzi 70 hivi, maji yatiwe chokaa na hewa ya ukaa, yachujwe, yachemshwe, yagande. Viwanda vikubwa vya Ulaya hupitisha zaidi ya tani 10,000 kwa siku. Robo tatu yako ya eka, hata ikizaa kama ya Ufaransa, ingetoa tani ishirini na kidogo, yaani kazi ya dakika tatu au nne. Wenzetu wa Unguja wana Mahonda, kiwanda kilichojengwa miaka ya 1970, na hicho ni cha miwa. Ukitaka utamu wa shambani kwako, panda miwa bondeni na uuze ya kutafuna na ya juisi.

Nimekukatisha tamaa kwa aya nyingi, sasa nikufikishe nilikoahidi. Umesema unataka kuchagua mwenyewe mwaka hadi mwaka. Una mimea inayochanua Pemba bila kuomba baridi ya mtu.

Kiazi kitamu ndicho ningeanza nacho. Kipupwe, michana ikifupika kidogo, aina nyingi hutoa maua kama tarumbeta, zambarau hafifu. Watu huyapita. Panda aina mbili tatu tofauti karibu karibu, kwa sababu aina moja peke yake haijizalishi vizuri, na uwaachie nyuki. Ua likishika unapata kitumba kidogo kikavu chenye mbegu nyeusi moja hadi nne. Ganda lake ni gumu: lisugue kwa msasa au likwaruze kwa wembe upande mmoja, loweka usiku kucha, panda kwenye kikopo. Kila punje ni aina mpya ambayo haijawahi kuwepo duniani. Nyingi zitakuwa mbaya, nakwambia mapema. Lakini ukipata moja nzuri, kazi iliyomchukua Vilmorin vizazi vingi wewe imekwisha, kwa sababu unakata marando, yale mashina yanayotambaa, na kila rando ni kiazi kile kile.

Ila usiharakishe kusifu. Shina moja likizaa viazi vitano vinono, yawezekana liliota juu ya samadi ya zamani. Kata marando yake, panda tuta moja karibu na nyumba, moja bondeni, moja kwa jirani, kila moja kando ya aina unayoiamini. Pima kwa mizani, andika kwenye daftari. Ikishinda sehemu zote tatu kwa misimu miwili, hiyo ni yako.

Na ile ndoo ya chumvi itumie kwa muhogo. Menya vipande vya ukubwa mmoja kutoka mashina tofauti, vitie alama, vitumbukize kwenye maji yasiyo na chumvi, vyote vitazama. Ongeza chumvi kidogo kidogo huku unakoroga. Wenye maji mengi utaelea mwanzo. Ule unaoelea mwisho ndio wenye unga mwingi. Kwa muhogo usichague kwa unga peke yake, uangalie na magonjwa: shina lenye batobato kwenye majani, au lenye mzizi uliopigwa michirizi ya kahawia ndani, usikate mbegu hata kama limezaa sana. Aina za muhogo zilizotolewa kwetu, Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, zilipatikana kwa uchaguzi wa namna hiyo, na watu wa utafiti wa kilimo walio Kizimbani, Unguja, na Matangatuani, huko kwenu Pemba, wanazijua. Nenda Matangatuani na daftari lako, watakusikiliza kuliko ukienda mikono mitupu.

Bitiruti ya saladi endelea nayo, ni biashara nzuri. Panda kipupwe kikianza, loweka vitonge usiku mmoja na uyamwage yale maji, maana yana kitu kinachozuia mbegu kuchipua. Tia chokaa kidogo au jivu kama udongo una uchachu. Miche mitatu ikitoka, ikate miwili kwa mkasi usawa wa ardhi, usiing'oe, utautingisha mzizi wa yule unayemwacha. Ile sita ya zamani ing'oe. Imeshakuwa migumu, lakini ng'ombe wataila. Nafasi yake weka marando ya aina mbili za viazi, mstari kwa mstari, na vitumba vya kwanza vikikauka niandikie umepata punje ngapi.